Babu Hajashuka

Usiku ule nililala bila kushiba, kwa sababu mama aliondoa chakula mkekani kabla hatujamaliza.

Kaka Masanja alikuwa amekuja na lori. Lilikuwa limejaa magunia ya mpunga, limeegeshwa uani karibu na zizi, na alfajiri alitakiwa kuliondoa kwenda mjini. Tangu aanze kuendesha malori ya watu alilala nyumbani mara chache, kwa hiyo mama alichinja jogoo. Tulikuwa watatu tu kwenye mkeka, mama, kaka na mimi. Kaka alikuwa amechangamka. Alisimulia mambo ya njiani, na mama alicheka mpaka machozi, hadi tulipofika kwenye habari ya daraja.

Daraja lenyewe liko kati ya kijiji chetu na mjini. Tunaliita Daraja la Mmoja kwa sababu ni jembamba, hupita mmoja tu. Desturi yake kila mtu anaijua. Aliyetangulia kuingia ndiye anayepita, awe basi, awe mkokoteni wa ng'ombe. Kama ni baiskeli imeingia, lori husubiri. Mwenye baiskeli akifika ng'ambo huinua mkono kushukuru, na dereva humjibu kwa honi fupi, kila mtu anakwenda zake.

"Juzi nimemkuta mwenye baiskeli mmoja katikati ya daraja," kaka alisema. "Ana tenga la kuku huku nyuma, anakwenda kama anakwenda kuposa. Nikampigia honi. Hageuki! Nikaingia hivyo hivyo."

"Ukaingia na yeye yumo?" mama akauliza.

"Sasa mama, na mzigo wote ule, nisimame, nianze tena na gia namba moja, kwa ajili ya kuku? Akajibana kwenye ukingo. Namwona kwenye kioo, kajibandika pale kama mjusi. Tenga likafunguka. Kuku hao! Mmoja huku, mmoja kule, mmoja kaingia mtoni!" Akajipiga goti akicheka. "Wale watu wa baiskeli ni wepesi, mama. Ukiwapigia honi vizuri wanajifunza kuruka wenyewe."

Mama hakucheka. Mimi pia sikucheka, maana mimi ni mtu wa baiskeli. Kila asubuhi napeleka maziwa senta yanakokusanywa, madumu yamening'inia huku na huku, na daraja lile nalipita. Ukingo wake hauzidi goti.

Kaka akanigeukia. "Na wewe, bubu wetu, ukikutana na gari unafanyaje? Maana hata kengele unaionea haya kuipiga."

Ni kweli, mimi si msemaji. Mbele ya watu maneno hunikwama, na mbele ya kaka hukwama zaidi, kwa sababu ni mkubwa na ana majibu ya haraka. Nilitaka kumwambia kwamba mgongo ule aliouona darajani ungeweza kuwa wangu. Nikatazama ugali.

"Napisha," nikasema.

"Safi. Mwenye akili anapisha."

Hapo mama akainuka. Akachukua bakuli la mchuzi, kisha sahani ya ugali, kaka bado ana tonge mkononi. "Baba yangu asingemeza chakula juu ya habari kama hiyo," akasema, akaenda navyo jikoni.

Kaka alibaki na tonge lake kavu. "Nimesema nini?" akaniuliza. Nikaenda kulala.

Baba yake mama ndiye aliyetulea. Babu hakuwa na kitu kikubwa ila baiskeli, na baiskeli ile ndiyo iliyotusomesha mpaka darasa la saba, kaka na mimi, kwa maziwa yale yale ninayopeleka sasa. Aliendesha polepole, mgongo umenyooka, koti lake la kaki limefungwa vifungo vyote hata wakati wa joto. Gari likija nyuma yake alilisikia mbali. Husogea kushoto kabisa, huweka mguu mmoja chini, halafu hutazama mbele. Kama mbele kuna kitu ambacho dereva hajakiona, huinua kiganja, yaani subiri. Kama njia ni nyeupe, humpungia apite. Madereva wa zamani walimjua. Walimsubiri, na walipompita walipiga honi ndogo kama mtu anayekohoa mlangoni kwa mwenzake. Aliniambia, "Dereva haoni sura yako, anaona mgongo tu. Basi mgongo wako nao uwe na adabu."

Na alitufundisha kushuka. Huku kwetu ukiwa kwenye baiskeli na ukamkuta mtu mzima njiani, unashuka, unamsalimia umesimama chini, ndipo unapanda tena. Mtu mzima hamshukii mtoto, mtoto ndiye anayeshuka. Ukipita nyumba yenye msiba unashuka na kuikokota baiskeli mpaka uimalize nyumba ile. Na gari lililobeba maiti likipita, lile lenye matawi mabichi yamefungwa mbele na taa zinawaka mchana, unashuka, unasogea kwenye majani, unavua kofia. Tofauti ni moja tu. Kwa mtu mzima unamtazama usoni ili akuone unamsalimia. Kwa maiti hutazami gari. Unatazama gurudumu lako la mbele mpaka liishe kupita.

Babu alipofia hospitali, kaka ndiye aliyemleta nyumbani. Wakati huo alikuwa anaendesha pikapu ya mtu. Mimi nilikaa nyuma na jeneza. Njia nzima watu wa baiskeli walikuwa wanashuka. Wa mkaa, wa kuni, wa maji, wote. Wengine hawakujua hata aliyemo ni nani. Kaka hakupiga honi hata mara moja siku ile. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni anajifuta uso kwa mkono wa shati, na alipoona namtazama akakigeuza kioo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza kitandani.

Sikumbuki kulala. Nakumbuka nilisikia kengele ya baiskeli ya babu nje, ile kengele yenye kutu, hulia mara moja kisha hukwaruza. Nikasema moyoni, nani anachezea baiskeli? Nikafungua mlango wa chumba niende nikaangalie, na mlango ule ulikuwa mlango wa lori. Nilikuwa nimekaa kitini pembeni ya kaka, na lori lilikuwa linakwenda.

Ilikuwa mchana, lakini jua sikuliona. Barabara yetu naijua, ina viraka na mashimo, ila ile ilikuwa imenyooka na safi kama imefagiwa. Kulia na kushoto majaruba ya mpunga, maji yametulia. Hapakuwa na ndege juu ya mpunga. Hata injini sikuisikia. Kaka aliendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine una kipande cha muwa. Hakushangaa kuniona.

"Mama bado amenuna?" akauliza.

Nilitaka kumjibu, mdomo haukufunguka.

Mbele yetu akatokea mtu wa mkaa, magunia yamempita kimo, baiskeli inayumba. Kaka akapeleka mkono kwenye honi. Kabla hajaigusa, yule mtu akashuka. Akaisogeza baiskeli kwenye majani, akasimama.

"Umeona?" kaka akasema. "Sifa zangu zimeshafika."

Tukampita. Nilimtazama kupitia dirishani. Alikuwa amevua kofia ameishika kifuani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mkaa.

Akafuata mama mmoja mwenye mtoto kwenye keria. Naye akashuka mapema, tukiwa bado mbali. Akamteremsha mtoto, akajifunika kanga kichwani, akamgeuza mtoto uso wake ukaelekea kwenye sketi yake. Halafu vijana watatu wamepanda baiskeli moja, mshikaki, wale ambao siku zote hupiga kelele na kuyazomea malori. Walishuka mmoja mmoja bila kusema. Halafu mwuza barafu na sanduku lake. Halafu wawili, halafu kundi, mpaka upande wa kushoto wa barabara ukawa ni watu na baiskeli zao, wamesimama kwenye majani wamezishika usukani, mstari usiokatika.

Kaka anacheka. "Hii ndiyo heshima. Hata mkuu wa wilaya hashukiwi namna hii. Honi, mdogo wangu. Dawa yao ni honi."

Mimi natafuta macho yao. Kila ninayemfikia natafuta macho. Hakuna anayetutazama. Wote, kuanzia mtu wa mkaa hadi vijana wa mshikaki, wanatazama gurudumu la mbele.

Nikataka kumshika kaka mkono, mkono wangu ukawa mzito kama umelaliwa.

"Nani kafunga majani kwenye gari langu?" kaka akauliza.

Nikatazama. Kwenye vioo vya pembeni, vyote viwili, yamefungwa matawi mabichi, majani yanatetemeka kwa upepo. Kaka anatoa mkono dirishani, anang'oa tawi, analitupa. Tawi liko pale pale. Anatoa mkono tena, anang'oa lingine. Liko pale pale, bichi, na kamba yake imefungwa fundo ambalo nalijua. Babu ndiye aliyekuwa anafunga madumu ya maziwa kwa fundo lile.

"Zima taa," nikasema. Sijui mdomo ulifunguka saa ngapi.

"Taa zimezimwa."

"Zinawaka, Kaka. Angalia mbele."

Mwanga wa njano ulikuwa unakimbia mbele yetu juu ya lami, mchana ule. Kaka akabonyeza, akabonyeza tena. Muwa ukamponyoka. Mikono yake yote miwili sasa iko kwenye usukani, na watu wanazidi kushuka, wanashuka, kofia zinavuliwa.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtu wa tatu anayetusikiliza, "Huko nyuma tumebeba nini?"

"Mpunga."

"Una hakika?"

Sikugeuka kutazama. Na yeye hakugeuka.

Hapo ndipo tunapomwona mmoja ambaye hashuki.

Yuko mbele yetu peke yake, kushoto kabisa, karibu na ukingo wa lami. Anaendesha polepole. Mgongo umenyooka, koti la kaki, kola imechakaa nyuma mahali inapogusa nywele. Madumu yamening'inia huku na huku na hayagongani. Wote wameshuka, yeye anakanyaga pedeli. Kaka akabana honi kwa kiganja kizima. Honi haikulia. Chini ya kiganja chake kikasikika kitu kingine, kengele, mara moja, kisha kukwaruza.

Yule mzee akainua mkono bila kugeuka. Kiganja wazi. Subiri.

"Mzee huyu hana adabu," kaka akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Wenzake wote wameshuka."

"Ni babu."

"Babu tulimzika."

"Ni babu, Kaka. Mtazame mgongo."

Kaka akautazama. Nikaona uso wake ukirudi kuwa ule uso niliouona kwenye kioo cha pikapu. Akakanyaga breki. Lori likaendelea kwa mwendo ule ule. "Breki zipo," akaniambia, kama anayenitoa wasiwasi. "Nakanyaga, zipo. Zipo kabisa." Na lori linakwenda. Halizidishi, halipunguzi. Mbele kabisa, pale barabara inaposinyaa, nikaona nguzo nyeupe za Daraja la Mmoja. Kati yetu na daraja hakuna kitu ila ule mgongo.

Sijui nilishuka vipi kwenye lori. Nimekaa kwenye keria ya baiskeli, nyuma ya babu, kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mdogo, miguu nimeitanua isiguse madumu. Koti lake linanukia ugoro na maziwa. Mwanga wa taa za lori uko mgongoni mwangu, na kivuli chetu, babu na mimi na baiskeli, kinakwenda mbele yetu kirefu mpaka darajani.

"Usigeuke nyuma," babu akasema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote. "Umekuwa mzito. Mama yako anakulisha?"

"Jana hatukumaliza kula."

"Najua."

Anakanyaga. Mnyororo unalia ule mlio wake wa kukosa mafuta, na nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayepaswa kuutia mafuta siku hizi. Pembeni watu wamesimama kimya. Nawapita karibu kiasi kwamba ningeweza kuwagusa. Mtu wa mkaa alikuwepo tena. Mama na mtoto walikuwepo tena. Mtoto alitoa jicho moja kwenye sketi ya mama yake akataka kuchungulia, mama akamrudisha.

"Babu, hawa wanamshukia nani?"

"Kwani wewe huna macho?"

Nilikuwa nayo. Sikutaka kusema.

"Na wewe mbona hushuki?"

"Mimi ni babu yake," akasema. "Nitamshukiaje mtoto? Yeye ndiye wa kunishukia mimi." Akahema. "Wao wameshashuka. Mimi sijashuka bado."

Tunakaribia daraja. Sasa naona kuna mtu darajani. Amejibana kwenye ukingo, baiskeli ameiinua nusu, tenga la nyuma liko wazi na tupu, manyoya meupe yameshikilia kwenye fito. Hana mahali pa kusogea, lakini naye ameshuka. Amevua kofia. Midomo yake inatikisika, na tulipozidi kusogea nikajua anachofanya. Anamwombea kaka.

Babu aliona ninachokiona. "Huyo ndiye aliyerukishwa na kaka yako," akasema. "Mtazame vizuri, ili ukisimulia usikosee."

"Babu, tupunguze mwendo."

"Nikipunguza mimi, anatupita."

Mwanga wa nyuma ukazidi kuwa mkali. Miguu ya babu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimemshika kiunoni na nilisikia mtetemo ule ukipanda kutoka magotini mpaka kwenye mbavu, na mbavu zake zilikuwa nyembamba kuliko nilivyozikumbuka. Hakuwahi kuwa na miguu dhaifu. Mlima wa kanisani alikuwa anaupanda na madumu na mimi juu yake.

"Nimechoka, mwenzangu. Nimemzuia njia nzima. Rudi ukamwambie kaka yako kwamba sijashuka bado. Mwambie hivyo tu. Ataelewa."

"Mwambie wewe, babu. Yuko hapo nyuma. Mimi maneno hunikwama."

"Nikimwambia mimi," babu akasema, "atakuwa ameshafika huku niliko."

Nguzo nyeupe za daraja zikatufikia. Nikahisi mguu wake wa kulia unatoka kwenye pedeli. Nikaujua mwendo ule. Ndivyo mtu anavyoanza kushuka. Mguu unaachwa uning'inie kidogo, halafu unainuka kuja nyuma, kupita juu ya tandiko na keria. Lakini kwenye keria nimekaa mimi. Ukanigusa ubavuni. Ulikuwa wa baridi. Nikaukumbatia kwa mikono miwili, nikaubana kifuani, nikapiga kelele, "Babu, usishuke! Babu, usishuke!" na baiskeli inayumba, na yule mtu wa kuku anainamisha kichwa zaidi, na mwanga umekuwa mweupe, sioni tena kivuli chetu.

Nikaamka.

Mwanga ulikuwa ukutani. Ulipenya dirishani ukalala juu ya ukuta wa chumba changu, wa njano, unatetemeka. Nje lori lilikuwa linanguruma. Kaka alikuwa anapasha injini.

Nilitoka bila viatu. Kulikuwa na giza la alfajiri bado, umande umelowesha uani. Mama alikuwa ameinama kwenye mafiga anachochea moto, akainua kichwa aliponiona nakimbia. Baiskeli ya babu ilikuwa pale pale ilipokuwa, imeegemezwa ukutani, haijaguswa. Lori lilianza kusogea. Nikalizunguka, nikasimama mbele yake, katikati ya zile taa mbili.

Kaka akapiga honi. Ng'ombe wakashtuka zizini.

"We bubu! Unatafuta nini hapo? Toka!"

Sikumwona uso kwa sababu ya mwanga. Maneno yakaanza kukwama kama kawaida yake, hapa, chini ya koo. Nikainua mkono. Kiganja wazi, kama alivyokuwa akifanya babu. Lori likasimama, pua yake karibu na kifua changu, joto la injini likanipiga tumboni.

"Umerogwa?" Kaka akatoa kichwa dirishani. "Nina safari, mdogo wangu. Tajiri mwenye gari ananisubiri."

"Babu amekuja," nikasema.

"Sema kwa nguvu, injini inanguruma hapa!"

"Babu amekuja usiku! Kasema nikwambie yeye hajashuka bado."

Nilisikia kicheko kikianza. Nakijua kicheko cha kaka, huanza puani. Kilianza puani, kikaishia hapo hapo. Alinitazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kijiti cha moto mkononi. Kaka hakuniuliza babu yupi. Hakuniuliza hajashuka kwenye nini. Yeye ndiye aliyeendesha ile pikapu, na kutoka kwenye kiti cha dereva aliwaona wote wakishuka, mmoja mmoja, kuanzia hospitali hadi nyumbani.

Alipofungua mdomo tena sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile niliyoisikia ndani ya lori.

"Na wengine?"

"Wengine wote wameshuka."

Injini inanguruma. Matone ya umande yanateremka kwenye kioo cha mbele.

"Hata yule wa kuku?"

"Hata yeye. Alikuwa darajani. Amevua kofia, anakuombea."

Kaka akazima taa kwanza. Uani kukawa giza, ukabaki moto wa mama tu. Kisha akazima injini, na kimya kilipoingia nikasikia kumbe bado nahema kama mtu aliyepanda mlima. Mlango ukafunguka. Akashuka. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, akitafuta uso wangu kwenye giza lile, na mkono wake aliouweka begani kwangu ulikuwa na baridi.

"Nisimulie," akasema. "Polepole tu. Usiruke kitu."